Siku Bendera Ilichelewa Kushuka Butembo

Vijana wa fanfare, bendi yetu ya matarumbeta ya parokia, mumenisumbua tangu Pasaka niandike namna nilivyofanya kazi ya kupuliza. Masomo yangu yaliishia mwaka wa tano wa primaire, na ule wa tano sina hakika kama niliumaliza ao ulinimaliza. Kwa hiyo musome pole pole, na mahali nimekosea munisamehe. Mimi nimewasamehe mengi siku za répétition, tukifanya mazoezi. Sasa nimepumzika, sababu meno mawili ya mbele yamekwenda, na mupulizaji bila meno ya mbele anatoa upepo tu, muziki unabaki ndani. Juu ya vyeo sitaandika, sikupata vya kutosha kujaza mustari. Nitaandika juu ya clairon, sababu ninyi muna trompette za vifungo vitatu na munazani muziki unatoka mu vidole.

Clairon ni tarumbeta ya jeshi. Haina kifungo hata kimoja. Ni shaba iliyokunjwa tu: upande huu unatia mudomo, upande ule inafunguka kama ua la boga. Sauti ya juu na ya chini, zote zinatoka kwa midomo yako na kwa tumbo lako. Ukikosa, hakuna chombo cha kusingizia. Ninyi mukikosa munatazama kifungo kwa hasira, nawaona.

Niliifundishwa mu jeshi la zamani, wakati wa Zaire, mu kambi moja kando ya muto mukubwa, mbali na kwetu. Joto la kule lilinishangaza, mimi mutoto wa milima. Siku ya kwanza walitupanga mustari, na adjudant mumoja mufupi akapita anatufungua midomo kama mutu anayenunua mbuzi. Alipofika kwangu alitazama meno muda mrefu, akasema: "Huyu." Nilifurahi sana. Nilizani nimechaguliwa kuwa chauffeur wa gari la wakubwa.

Jina lake sitaliandika, sababu hakuniruhusu, na siku nilipomuacha alikuwa bado mukali. Mwanzoni alitunyima clairon kabisa. Alitupa mabua ya majani ya papai, tupulize mpaka bua litoe sauti ya ng'ombe. Kambi nzima ililia kama zizi, mpaka wake wa askari wakaja kulalamika. Kisha akatupa embouchure peke yake, ndiyo kile kipande kidogo cha kutia mudomo, tutembee nacho. Hakikupaswa kupata baridi. Kilikaa kwapani usiku na mchana, na aliyekutwa na embouchure ya baridi alifagia uwanja. Kwa hiyo mukiniona naingia kanisani na mukono mumoja umebana, musiseme muzee ana pigo la upande. Ni mazoea.

Alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko zingine. Munajua desturi yetu: bendera ikipanda asubuhi ao ikishuka jioni, kila mutu aliye njiani anasimama pale alipo. Mwenye muzigo anasimama na muzigo, mwenye pikipiki anazima moteri, mwenye kukimbia mvua inamunyeshea. Hakuna kusonga mpaka clairon itoe sauti ya mwisho. Sasa adjudant alisema: ukivunja sauti katikati, hapana kutengeneza, hapana kuruka mbele. Unaanza tena toka mwanzo. Mwenye kamba anarudisha bendera pale ilipoanzia, na wote wanangoja. "Mimi nimengoja kwa ajili yako," alikuwa anasema, "wewe pia utawangojesha watu, lakini mbele ya macho yao." Tulijifunza mbio mbio.

Kutoka mu jeshi nilitoka bila kishindo. Muda wangu uliisha, na kambi ilikuwa imeanza kuuza viti vyake yenyewe. Nilirudi Butembo, nikamuoa Kavira, tukamuzaa Masika, nikaingia mu biashara ya viazi vya Lubero na Alimbongo. Miaka mingi midomo yangu ilifanya kazi ya kubishana bei tu. Kwa haki niseme, sikuikosa clairon. Asubuhi mu Butembo ni ya baridi, na mutu mwenye kulala na muke wake hana haja ya kuamsha mtaa.

Kisha vita ikaja. Ile ya kwanza ilipita kama mvua ya mawe: askari wa zamani walikimbia na kila kitu chenye kubebeka, sisi tulikuwa tumelala mu mashamba. Ile ya pili ilikaa. Wakubwa wa muji walibadilika mpaka nikaacha kujifunza majina yao. Mwishoni wakaleta komanda mumoja kijana, mwenye viatu vya kung'aa hata siku za matope. Alitaka bendera ipande na ishuke kama mahali kuna serikali ya kweli. Akatangaza kwamba askari wote wa zamani waje kujiandikisha, tutakuwa réserve.

Mimi niliamua kwamba sijasikia. Lakini mukubwa wa avenue yetu alisikia kwa ajili yangu, akaja nyumbani na tabasamu.

Jioni Kavira aliniuliza: "Réserve njo nini?"

"Ni watu wa kuwekwa pembeni, wanaitwa siku wanahitajika."

"Aa. Kama roue de secours, gurudumu la akiba." Akageuza viazi mu sufuria. "Sawa, Baba Masika. Lakini ile yetu haina upepo tangu zamani. Uliwaambia?"

Kule kambini Komanda alimuuliza kila mumoja anajua nini. Wote wakageuka wapishi. Sijaona jeshi lenye wapishi wengi vile. Mimi nilisema najua viazi. Mumoja wa wale wapishi, ambaye tulikuwa naye zamani kando ya muto, akasema bila kuulizwa: "Huyu alikuwa clairon." Komanda akasimama na furaha, na mimi nikajua sitalala tena mpaka jua litoke.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuitafuta clairon yenyewe. Ile ya kambi ilikwenda na wale askari waliokimbia vita ya kwanza. Watu wa njia walituambia imeonekana Beni, kwa Hadji mumoja mwenye lori, na Komanda akanituma. Nilimukuta Hadji chini ya lori lake, miguu tu inaonekana. Clairon ilikuwa imetiwa kichwa chini mu tangi la mazutu, ndiyo dizeli. Alikuwa anaitumia kama entonnoir, ya kumiminia.

"Hadji, mimi ni Kambale wa kambi ya Butembo. Hiyo ni ya serikali," nikamuambia.

Akatoka chini ya gari pole pole. "Kambale, mutu mwenye aliniuzisha alikuwa nakimbia. Hakusema ni ya serikali. Alisema ni ya mazutu."

"Ni ya bendera."

"Na mimi nitajaza tangi na nini, na kiganja?"

Aliongea haki, kwa hiyo nilimukatia entonnoir kwa kopo la mafuta ya kula, na akakubali kwamba inafanya kazi vizuri kuliko ile ya serikali. Tangu siku ile tulikuwa marafiki. Embouchure ilikuwa imepotea. Fundi mumoja wa Butembo alinitengenezea ingine kwa shaba ya robinet ya maji. Niliichemsha clairon yote mu maji ya majivu, lakini mazutu haisahau. Miezi yote ile nilipuliza chombo chenye ladha ya robinet mbele na ya lori nyuma.

Siku ya kwanza ya kupandisha bendera ilikuwa na ukungu. Muti wa bendera ulikuwa kando ya barabara, mahali njia inapanda, na saa ile njia ilikuwa imejaa watu wanaoingia sokoni. Nikaweka clairon mudomoni. Sauti ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ikawa kama mbuzi aliyekanyagwa.

Nikakumbuka sheria ya adjudant, nikaanza tena mwanzo. Bendera ikarudishwa chini. Nikavunja tena, mahali palepale. Muji mzima umesimama. Watu walikuwa wamefunga midomo, lakini mabega yao yalikuwa yanacheka. Komanda mwenyewe alikuwa ameweka mukono kwa kofia, hasongi. Hilo niliandike kwa haki: sheria aliyowapa wengine aliishika yeye wa kwanza, hata nzi akimutembelea jicho.

Pale mulimani, katikati ya watu, alikuwa Paluku, ndugu ya Kavira, bibi yangu. Yeye ni mutu wa chukudu, ile kinga, baisikeli kubwa ya mbao isiyo na moteri, unaisukuma kwa mguu na kubeba juu yake muzigo wa gari. Alikuwa amebeba mashu, ndiyo kabichi, ya Lubero, na nilimufunga pale pabaya kabisa, njia inapopanda sana. Alishika mara ya kwanza. Alishika mara ya pili. Nilipovunja mara ya tatu, miguu yake ikakataa. Chukudu ikarudi nyuma, mashu yakashuka barabarani yakiruka, na Paluku akayakimbilia. Askari wakamukamata sababu amesonga mbele ya bendera. Alikata majani ya kambi mpaka jioni.

Jioni ile alipita kwangu. Alikaa, akanywa maji, akatazama mikono yake.

"Shemeji, ule wimbo unaujua?"

"Ninaujua."

"Na mwisho wake unaujua?"

"Ninaujua vizuri."

"Basi kesho uanzie pale."

Tulicheka, lakini usiku sikucheka. Kila sauti niliyovunja, mutu alikwenda kukata majani: mutoto wa masomo, mama mwenye kubeba makaa, muzee mwenye kikohozi. Majani ya ile kambi hayajakuwa mafupi vile tangu wakati wa Wabelgiji. Watu hawakunichukia, hilo ndilo lilikuwa gumu. Waliniletea dawa za midomo: asali, mawese, siagi ya ng'ombe, na kitu kimoja cheusi sikuuliza ni nini. Mama mumoja muuza ndizi alinisimamisha mbele ya kanisa. "Baba Masika, jana tulikuombea mu misa, na leo umevunja tena. Tuongeze maombi, ao tubadilishe mutakatifu?"

Hapa ndipo kuna jambo la kazi ambalo nataka mulishike. Midomo ya mutu aliyeacha miaka mingi hairudi kwa nguvu. Mimi nilianza kwa nguvu, na niliiharibu zaidi. Nilirudi kwa bua la papai kama kuruta, mu miti ya mikaratusi nyuma ya nyumba, mbele ya mbuzi wa Kavira ambao walinitazama kwa huruma. Sauti ndefu, chini, bila haraka. Kisha embouchure peke yake. Mukifika milimani asubuhi, shaba ni baridi na midomo ni migumu, sauti inatoka chini kuliko inavyotakiwa. Pasheni moto chombo kwa pumzi kabla watu hawajawatazama. Huko Beni, mahali Komanda alinipeleka mara chache, ni kinyume: jasho linateleza, na sauti inapanda yenyewe. Usisukume. Iache ipande, kisha uikalishe.

Mwezi kwa mwezi nilipunguza kuvunja. Siku zingine nilimaliza mara ya pili, siku chache mara ya kwanza. Sikuwa muzuri. Nilikuwa mutu ambaye watu walisimama mbele yake wakiwa na mashaka, wakichagua mahali pa tambarare.

Sasa naingia kwa ile siku.

Vita ilikuwa imesogea kusini, upande wa Alimbongo. Kule milimani magari hayakufika mbele. Masanduku ya risasi yalibebwa kwa bega. Mara moja walikuwa wamekamata vijana sokoni wawabebee. Wengine walirudi na vidonda vya mabega. Wengine wazazi wao wanawangojea mpaka leo ninapoandika. Kwa hiyo alasiri ile, askari walipozunguka mahali watu wa chukudu wanaposhushia mizigo, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Waliwachukua hao sababu wana miguu na mabega. Waliwaketisha mu uwanja wa kambi, chini ya muti wa bendera. Paluku alikuwa katikati yao, na gunia lake la kufunika mabega bado shingoni.

Lori la kuwapeleka lilikuwa la Hadji. Alikuwa ameshuka Butembo na chumvi, na wakamunyang'anya siku yake ileile. Masanduku yalipakiwa pole pole, jua likaanza kuinama. Hadji alikwenda mbele ya Komanda, na sisi wote tulimusikia.

"Afande, mimi naenda. Lakini kwanza unisikie. Kutoka mu muji kuna ile mulima ya potopoto, matope tu. Taa yangu ya mbele iko moja, na ile moja inatazama pembeni. Kama kuko mwangaza napita. Kama giza imeshika mbele ya mulima, gari inakwama pale na risasi yako yote juu, na kila mutu mwenye anatafuta risasi anakuja kujichukulia. Giza ikinikuta hapa, nalala hapa."

"Ndiyo sababu tunafanya mbio," Komanda akajibu. "Tunashusha bendera, wanapanda, munaenda."

Angeweza kuwapandisha kwanza, kisha kushusha bendera. Nimefikiri sana jambo hilo. Lakini saa ya bendera ilikuwa imefika, na yeye alikuwa mutu wa saa. Akaniita.

Nilisimama mahali pangu. Ng'ambo ya seng'enge wanawake walikuwa wameanza kufika. Kavira alikuwa mbele. Hakumutazama ndugu yake. Alinitazama mimi, na hakusema kitu, na mimi nimekaa na huyu mwanamuke miaka ya kutosha kujua akinyamaza anasema nini.

Nikajiambia: leo vunja. Si kazi ngumu, umeifanya siku nyingi bila kutaka. Vunja ya tatu, anza tena, vunja tena, mpaka giza. Hakuna atakayeshangaa.

Nikapuliza. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu, ile ya mbuzi, nikailegezea midomo ili ianguke, nayo ikatoka safi kama siku za muto mukubwa. Nikajaribu kuharibu ya juu. Ikapanda, ikakaa pale juu kama inajionyesha. Sijui namna ya kuwaelezea aibu ile. Clairon ambayo ilinifanya kichekesho mbele ya muji mzima, siku niliyoiomba inifanye tena ilikataa. Bendera ilikuwa inashuka vizuri, mwenye kamba ananitazama kwa mushangao. Nikafika mwisho, imebaki sauti moja tu.

Nikaondoa clairon mudomoni.

Pale njiani pikipiki zimezimwa, chukudu moja imewekewa jiwe. Askari wote wamekakamaa na bunduki zao. Mukono wa Komanda uko kwa kofia, na kabla ya sauti ya mwisho hakuwa na ruhusa ya kuushusha, hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe. Aliongea bila kugeuza kichwa, katikati ya meno.

"Muzee. Maliza."

"Afande, midomo imekufa. Inabidi nianze tena mwanzo."

Akapumua kwa pua. "Anza."

Mwenye kamba akapandisha bendera tena mpaka juu. Mimi nikageuza clairon nikamwaga mate, kama adjudant alivyotufundisha, pande zote, bila haraka. Nikapasha shaba. Nikatengeneza mukanda. Nikaanza. Kwa mara ingine kila sauti ikatoka safi, na kwa mara ingine ile ya mwisho nikaibakiza ndani.

"Muzee."

"Ndiyo, Afande. Mwanzo."

Mutu mumoja njiani akakohoa, na nilijua ni kikohozi cha kuficha kicheko, sababu kwao lilikuwa jambo la kawaida: Muzee Clairon amekwama tena. Askari wa karibu yangu alikuwa mutoto kabisa, na bunduki yake ilikuwa inanitazama tumbo kwa bahati mbaya tu, lakini ilikuwa inanitazama. Upande wa magaribi mulima ulikuwa umekwisha kumeza jua. Nikapuliza mara ya tatu, na mara ya tatu pia sauti ya mwisho haikutoka.

Wakati ule hatukuonana tena nyuso vizuri. Komanda alishusha mukono wake bila sauti ya mwisho, mara ya kwanza tangu alipofika Butembo, akasema: "Inatosha."

Watu walianza kusonga. Hadji aliondoa ufunguo wa gari, akautia mufukoni, akachukua kopo la maji na kuanza kunawa kwa swala ya magaribi. Komanda alimutazama akinawa mukono, kisha uso, kisha mguu, kila kitu kwa taratibu yake. Hakumukatiza. Akasema gari litaenda asubuhi, watu wa chukudu walale mu magasin, ghala ya kambi.

Ule usiku mumoja ulitosha. Wanawake walipeleka habari kila mutaa, na asubuhi, kabla ya bendera, uwanja mbele ya kambi ulikuwa umejaa: mama za wale vijana, wakubwa wa soko, padri wa parokia, na wafanyabiashara ambao bila chukudu mizigo yao ingelala njiani. Waliongea na Komanda muda mrefu. Mimi nilikuwa chini ya muti wa bendera, sikusikia. Wengine wanasema ni padri aliyemushinda, wengine wanasema ni wafanyabiashara. Sikuwa pale, siandiki. Ninachojua ni kwamba bendera ilipanda, nilimaliza mara ya kwanza, na watu wa chukudu wakaambiwa waende nyumbani. Masanduku yalikwenda na askari wenyewe, mu lori la Hadji. Ule mutoto mwenye bunduki alipanda pamoja nao. Hao pia walikuwa watoto wa watu, na clairon yangu haikuwasaidia kitu. Sipendi kuandika upande mumoja tu.

Nyuma ya siku chache Komanda aliniita mu bureau yake. Alikuwa peke yake. Hakuniambia niketi.

"Muzee, ile sauti ya mwisho. Jioni ile ilikuwa wapi?"

"Sijui, Afande."

"Na asubuhi yake ilitoka wapi?"

Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vinang'aa kama siku zote.

"Nilikuwa nasikiliza," akasema. "Nilikuwa sina kazi ingine ya kufanya, nilikuwa nimekakamaa. Hujavunja hata sauti moja. Tangu ulipokuja hapa sijawahi kukusikia unapiga vizuri vile."

Nimepata sifa chache mu kazi hii, na ile ni kubwa kuliko zote, na sikuweza kusema asante.

"Acha clairon hapo juu ya meza," akasema. "Rudi kwa viazi."

Angeweza kunifanya mengine. Wakati ule watu walifanywa mengine kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nililala macho wiki nyingi nikingojea viatu mlangoni, na havikuja. Mu kambi bendera ikaanza kupanda kwa filimbi. Mutu yeyote anaweza kupiga filimbi, na watu wa Butembo walishukuru, sababu inaisha mbio. Hivyo ndivyo réserve yangu iliisha. Padri alikuwa ameniona pale chini ya bendera, akaniita kwa fanfare, na huko ninyi munanijua, hakuna siri.

Kumebaki Paluku. Mungu amemupa maisha, ana wajukuu, na goti lake la kuume linamuuma siku za mvua. Kila tukikutana kwa arusi ao kwa matanga, akisha kunywa kasiksi kidogo, ile pombe ya ndizi, anasimama na kuwaeleza watu. "Mimi niko hapa sababu ya shemeji," anasema. "Batu bengine baliokolewa na padri, bengine na député wa bunge. Mimi niliokolewa na clairon mwenye hajue kazi yake. Mara tatu alianza, mara tatu alishindwa. Na mimi naketi chini, natazama, nasema: Mungu, musaidie huyu mutu amalize, aibu itamuua."

Watu wanacheka mpaka wanashika tumbo. Kavira anacheka, naye anajua. Mwanzoni nilikuwa najaribu kumueleza: Paluku, nilifanya kwa makusudi. Ananipiga bega, anasema, "Ndiyo, shemeji, ndiyo," kama mutu anayemubembeleza mutoto. Nimeacha.

Na kwa haki yake lazima niandike hili, ambalo hata Kavira sijamuambia. Mara ya kwanza ile sauti ya mwisho niliizuia mimi. Mara ya pili niliizuia mimi. Mara ya tatu niliona kidole cha ule mutoto wa bunduki kinatetemeka, na woga ulinishika, nikataka kumaliza. Nilivuta pumzi, nikaipuliza ile sauti ya mwisho kwa nguvu zangu zote. Haikutoka. Upepo tu.

Kwa hiyo akisimama na kasiksi yake kusema aliokolewa na mutu asiyejua kazi, ninamuacha aseme mpaka mwisho. Ni theluthi moja ya kweli.